Kompyuta Isitupinde Shingo

Wazazi wengi wanaonunulia vijana kompyuta za kupakata huwasikia baadaye wakilalamikia shingo na macho. Sababu mojawapo ni jinsi chombo chenyewe kilivyoundwa.

Ili kibebeke, kioo na kibodi vimeunganishwa. Mikono ikikaa vizuri, shingo huinama. Kioo kikiinuliwa, mabega hupanda. Kwa hiyo, iweke kompyuta juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha tumia kibodi ya pembeni. Isipakatwe muda mrefu, maana joto lake laweza kudhuru ngozi ya mapaja.

Vipo pia vifaa vinavyovaliwa usoni kama miwani mikubwa, vikichanganya picha za kompyuta na mazingira halisi. Hapa mzigo hubebwa na uso na shingo. Apple Vision Pro iliyotoka mwaka 2024 ina gramu 600 hadi 650. Betri yake, gramu 353, ilitengwa ikaunganishwa kwa waya, ili isiongeze uzito kichwani. Tena jicho hulenga umbali mmoja tu, huku picha zikionekana karibu au mbali; hivyo macho huchoka, na wengine huona kizunguzungu. Watengenezaji wenyewe wanasema kisitumiwe na watoto walio chini ya miaka 13.

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Maumivu yakiendelea, nenda kituo cha afya. Mwili ni amana ya Mungu, tuutunze.