Inveta ya Marekani haiwi ya Tanzania kwa kubadili plagi

LUKOZI, wilayani Lushoto, ni soko la viazi, kabichi na karoti zinazopakiwa kwenye malori na kuteremshwa kutoka milima ya Usambara hadi Tanga na Dar es Salaam. Katika vitongoji ambavyo nguzo za Tanesco ziko mbali, na hata pale zilipofika lakini umeme ukawa wa kukatika, paneli ya sola juu ya bati si kitu kigeni tena.

Kinachoweza kuwa kigeni ni inveta iliyofungwa chini ya paneli hiyo. Inapotokea ndugu aliyeko Marekani ameituma, au mtu ameinunua kwa bei nafuu miongoni mwa bidhaa zilizokwishatumika, kibandiko chake husomeka volti 120, hezi 60. Friji, pasi na pampu zinazouzwa nchini zimetengenezwa kwa volti 230, hezi 50.

Mwenye nyumba huliona kwanza tatizo la plagi, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa macho. Hilo ni dogo kuliko yote.

Kazi ya inveta ni kuchukua mkondo mnyoofu wa betri, kwa kawaida wa volti 12, 24 au 48, na kuugeuza kuwa mkondo geu unaofanana na ule wa gridi. Ikiwa imetengenezwa kwa soko la Marekani, mkondo huo utafanana na wa gridi ya Marekani.

Balbu ya zamani yenye waya ndani, ya volti 230 na wati 60, ikiunganishwa kwenye volti 120 hutoa wati 16 hivi, kwa sababu nguvu hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Kwa balbu, hasara ni giza tu. Kwa friji ni hasara ya fedha: mota yake hujaribu kuanza kuzunguka ikashindwa, ikawa inavuta mkondo mkubwa huku imesimama, na koili zake zikachomeka.

Vipo vyombo visivyodhurika. Chaja nyingi za simu, kompyuta za mkononi na televisheni nyingi za kisasa zimeandikwa volti 100 hadi 240, hezi 50 au 60. Hizo hufanya kazi popote, na maandishi hayo madogo yanastahili kusomwa kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kwa vyombo vilivyobaki, njia inayojulikana ni kuweka transfoma ya kupandisha volti 120 kuwa 230 kati ya inveta na soketi za nyumba. Uwezo wake uzidi ule wa inveta, kwani pampu na friji huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida wakati wa kuanza.

Transfoma hiyo ina gharama isiyoandikwa dukani. Hula umeme hata pasipo chombo chochote kinachotumika. Ikila wati 25, basi kwa saa 24 imekula wati-saa 600. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya risasi na asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ili idumu. Kwa hesabu hiyo, transfoma imemaliza akiba yote ya siku kabla taa haijawashwa. Katika miezi ya ukungu, jua la Usambara linapochelewa kutoka, hasara hiyo haifidiwi. Ni lazima kuwe na swichi ya kuizima.

Zaidi ya hapo, transfoma hubadili volti lakini haibadili hezi. Mitambo ya Hale na Pangani, kama mingine yote ya gridi ya taifa, hutoa mkondo unaorudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. Mota iliyokusudiwa kwa hezi 50 ikipewa 60 huzunguka haraka zaidi kwa takriban asilimia 20. Kwa feni si neno kubwa. Kwa pampu inayopandisha maji kutoka bondeni kwenda kwenye shamba la mboga, mzigo huongezeka kwa takriban asilimia 70, na mota inaweza kuungua katika siku za umwagiliaji ambapo inahitajika kuliko wakati wowote. Baadhi ya inveta huwa na mpangilio wa kuchagua hezi 50. Kitabu chake cha maelekezo ndicho cha kuulizwa kwanza.

Mtego mwingine ni inveta ya Marekani iliyoandikwa volti 240. Hizo 240 hupatikana kati ya nyaya mbili za moto, kila moja ikiwa na volti 120 dhidi ya ardhi. Nyumba ya Tanzania ina waya mmoja wa moto na mmoja wa nyutro. Fundi akiufanya mmoja wa zile mbili kuwa nyutro, taa zitawaka vizuri na kila mtu ataridhika, lakini swichi ikizimwa, waya uliobaki kwenye kishikio cha balbu bado una volti 120.

Wapo wanaodhani inveta inaweza kufunguliwa na kuongezwa volti kwa kugusa skrubu ndani yake. Haiwezekani kwa usalama. Mkondo geu wa volti 120 hufika kilele cha volti 170. Wa volti 230 hufika 325. Kapasita zilizochaguliwa kwa kilele cha kwanza zinaweza kupasuka zikipewa cha pili.

Kwa inveta ya kuunganishwa moja kwa moja na gridi, isiyo na betri, transfoma haisaidii kabisa. Imeundwa kukataa gridi isiyo ya hezi 60, na ikipewa ya Tanesco itabaki imezima.

Mara nyingi, basi, hesabu huangukia upande wa kuiuza inveta hiyo na kununua ya volti 230. Paneli na betri zilizokuja nayo hazina nchi, zinaweza kubaki.

Atakayeamua kuifunga amtumie fundi mwenye leseni ya EWURA, apime kwa mita kabla ya kuchomeka kitu: 230 kati ya moto na nyutro, karibu na sifuri kati ya nyutro na ardhi. Nyumba yenye umeme wa Tanesco pia inahitaji swichi ya kubadilishia, isiyoruhusu vyanzo viwili kukutana. Bila hiyo, gridi inapokatika, umeme wa inveta unaweza kurudi hadi kwenye transfoma ya mtaani, ukapandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000, na kumkuta juu ya nguzo fundi anayeamini kuwa laini imezimwa.