Kliniki ya Sheria: Mwanafunzi Anapokutana na Mteja (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata njia ya wakili kuanzia shahada ya chuo kikuu hadi Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Leo tuingie kwenye kliniki ya sheria. Hapo mwanafunzi, akisimamiwa na mwalimu aliye wakili, humpokea mtu mwenye shauri la kweli na asiye na fedha ya kulipa.

Jambo hili si geni kwetu. Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani. Mwaka 1967 kitivo kikaunda Kamati ya Msaada wa Kisheria. Kwa maoni yangu, kamati ile ilikuwa njia ya wanasheria kurudi mjini walikokuwa wameondoka.

Anayepita Magogoni na Kivukoni huyaona majengo ya mahakama za juu yakitazama bahari, akadhani sheria inakaa pale. Lakini mashauri ya watu wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ilianzia Kariakoo. Kanuni yake, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, husomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Ni wachache wanaokumbuka kuwa Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa: fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilihesabiwa dhidi yake. Darasani kanuni inatosha. Kliniki inamuuliza mwanafunzi mteja ataondoka na nini.

Tuseme mama anakuja na neno moja: nyumba imeuzwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza hukimbilia sheria ya mikataba. Msimamizi humzuia. Nani aliuza? Mwenye nyumba yu hai? Kama amefariki, msimamizi wa mirathi aliteuliwa na mahakama gani, na muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi? Baada ya nusu saa inaonekana shauri ni la mirathi, na muuzaji hakuwa na mamlaka yoyote. Maswali hayo lazima yaulizwe kwa Kiswahili cha mama, bila kumkatiza, na majibu yaandikwe kwa mfuatano wa tarehe.

Akija mwingine anayetaka talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka, isipokuwa katika hali maalumu, apitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mwanafunzi asiyelijua hilo atampotezea mteja nauli na miezi.

Kampala wamekwenda mbali zaidi. Kliniki ya Law Development Centre, iliyoanza mwaka 1998, huwapeleka wanafunzi mahakamani katika mashauri madogo, chini ya usimamizi. Kwetu mwaka 2022 yalizuka makelele pale wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu mtihani wa uwakili, na kamati ya Dkt. Harrison Mwakyembe ikaundwa kuchunguza. Sikubaliani na waliowalaumu vijana peke yao. Mtu anayekutana na mteja wa kwanza baada ya kumaliza shahada amechelewa. Lakini kliniki ni ghali: mwalimu mmoja hawezi kusimamia mafaili ya wanafunzi mia mbili, na faili lililosimamiwa vibaya humuumiza maskini.

Msomaji mwenye shauri, ukienda kwenye kituo cha msaada wa kisheria beba kila karatasi uliyo nayo, hata ile unayoiona haina maana: cheti cha kifo, risiti, barua ya serikali ya mtaa. Usilipe kitu: chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma hiyo ni bure. Wiki ijayo tutawazungumzia wasaidizi wa kisheria, ambao sheria hiyohiyo imewatambua.