Vita ya bia yavuka mipaka: mwenye baa wa Kilolo ashike lipi?

WAFANYABIASHARA wa vileo wilayani Kilolo, mkoani Iringa, wamo katikati ya mashindano ambayo chanzo chake hakiko Kilolo wala Iringa. Bia nyingi zinazopangwa kwenye majokofu ya Ilula, Mahenge na Kilolo mjini hutoka kwa makampuni mawili, Tanzania Breweries (TBL) na Serengeti Breweries (SBL). Yote mawili yana viwanda nchini na huajiri Watanzania, lakini mtaji mkubwa nyuma yao ulivuka mpaka kuja hapa. Wa TBL ulitoka Afrika Kusini. Wa Serengeti ulipitia Kenya.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Wahenga hao hao wakasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Swali la soko la Kilolo ni moja tu: mwenye baa na mgema wa ulanzi ni nyasi au ni kunguru?

JIRANI ALIVYOINGIA

Kuvuka mpaka kwa bia si jambo geni katika Afrika Mashariki. Kenya Breweries ilianza mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 iliungana na kiwanda cha Tanganyika kilichokuwa Dar es Salaam, likapatikana jina la East African Breweries. Baada ya uhuru kila nchi ilishika njia yake. Kiwanda cha Dar es Salaam kikawa Tanzania Breweries, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakiingiza katika mikono ya serikali.

Wenye umri wa kukumbuka miaka ya 1980 wanajua kilichofuata. Bia ikawa ya mgawo na ya kufahamiana, na mnywaji akatakiwa kurudisha chupa tupu kabla ya kupewa iliyojaa. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya kampuni kwa South African Breweries (SAB), na mwaka 1998 hisa za TBL zikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Kenya haikukaa kimya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Wakenya waliingia kwa kiwanda cha Kibo Breweries mjini Moshi, huku SAB ikijibu kwa kujenga Castle Brewing huko Thika, Kenya. Kila mmoja alikwenda kupigania mlangoni kwa mwenzake. Matangazo yaliongezeka, bei zikabanwa, na pande zote mbili zikatumia fedha nyingi kuliko zilizorudi.

MWAFAKA WA 2002

Mwezi Mei 2002 wakubwa hao walikaa mezani. Kibo Breweries ya Moshi ilifungwa, na Castle ya Thika nayo ikafungwa. East African Breweries (EABL) ilipata asilimia 20 ya TBL, na SAB ikapata asilimia 20 ya Kenya Breweries. Tangu hapo TBL ikawa inatengeneza Tusker na Guinness kwa leseni hapa nchini, na Wakenya wakauza Castle kwao.

Kwa wenye hisa ulikuwa mwafaka mzuri, kwani hasara za vita zilikoma. Kwa mwenye baa mambo yalikuwa tofauti. Aliyekuwa na mawakala wawili wanaomgombea alijikuta na mlango mmoja wa kununulia, na mahali penye mlango mmoja hapana mazungumzo ya bei. Mwaka huo huo wa 2002 ndipo Kilolo ilipokatwa kutoka Iringa Vijijini na kuwa wilaya. Wilaya ilizaliwa katika soko lenye mwuzaji mmoja mkubwa.

Mpinzani aliyebaki alikuwa mzalendo. Associated Breweries, iliyoanzishwa 1988 na baadaye kuitwa Serengeti Breweries, iliendelea kukua kidogo kidogo kwa bia yake yenye picha ya chui. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza Januari 2005 ulipunguza ushuru wa bidhaa za Kenya hatua kwa hatua hadi 2010, na Wakenya wakaanza kulitazama upya soko la Tanzania.

NDOA YAVUNJIKA

Mwaka 2010 EABL, ambayo wakati huo ilimilikiwa kwa sehemu kubwa na Diageo ya Uingereza, ilinunua asilimia 51 ya Serengeti kwa dola za Marekani milioni 60 na ushee. Lakini huwezi kumiliki timu moja ukawa na hisa katika timu pinzani. EABL ililazimika kuachia asilimia 20 yake ya TBL, na mwishoni mwa 2011 hisa hizo, zaidi ya milioni 58, ziliuzwa kwa umma kwa Sh 2,060 kila moja. Upande wa pili, SABMiller iliirudishia EABL asilimia 20 ya Kenya Breweries. Ndoa ya 2002 ikawa imekwisha.

Vita ikarudi baa. Serengeti ilikuwa imelalamika mbele ya Tume ya Ushindani (FCC) kwamba mabango na alama zake zilikuwa zikiondolewa katika baa, na kwamba baa nyingine zilifungwa na mikataba ya kutangaza bia za TBL peke yake. Mwaka 2010 Tume iliona kuwa TBL ilivunja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kuitoza faini. TBL ilikata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kwa mfanyabiashara mdogo, fundisho la shauri hilo ni pana kuliko faini yenyewe. Ukuta wa baa, bango lililo juu ya mlango na jokofu lililo kaunta ni mali inayogombewa na makampuni ya mabilioni. Kinachogombewa kina bei, na mwenye baa ndiye anayepaswa kuijua bei hiyo kabla ya kukitoa bure.

Mwaka 2016 SABMiller yenyewe ilimezwa na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya bia. Mabadiliko hayo yalifanyika London na Brussels, wala hayakuhitaji saini ya mtu yeyote Ilula.

ULAYA NAKO NI HIVYO HIVYO

Anayedhani haya ni ya Afrika peke yake atazame Ireland. Guinness, bia iliyoanza Dublin mwaka 1759, ni mali ya Diageo yenye makao makuu London. Mwaka 2014 kampuni ya baa ya J D Wetherspoon ya Uingereza, iliyoanza 1979, ilifungua baa yake ya kwanza katika Jamhuri ya Ireland, eneo la Blackrock nje kidogo ya Dublin. Silaha yake ilikuwa bei ya chini. Kabla baa haijazoeleka kulizuka mgogoro na Heineken kuhusu kuipatia bia, na Wetherspoon ikaziondoa bia za Heineken katika mamia ya baa zake.

Tofauti na hapa iko wazi. Kule mwenye baa mwenyewe ni kampuni yenye mamia ya matawi, na mtengenezaji akileta masharti magumu huonyeshwa mlango. Hapa baa ni ya mtu mmoja, mara nyingi ni nyumba ya familia yenye meza nje na jiko la nyama choma pembeni. Hakuna kampuni ya Uingereza au ya Nairobi iliyokuja kufungua mfululizo wa baa kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Dabaga. Haikuhitajika. Jokofu, rangi ya ukuta, viti vya plastiki na kreti za mkopo hufanya kazi ile ile kwa gharama ndogo, huku hatari ya biashara ikibaki kwa mwenye nyumba.

KILOLO KATIKATI YA BARABARA

Jiografia imeipendelea wilaya hii. TBL ilifungua kiwanda Mbeya mwaka 2009, zaidi ya kilomita 300 kutoka Iringa, na hivyo bia ya kampuni hiyo huweza kushuka kutoka kusini. Serengeti ina viwanda Dar es Salaam, Mwanza na Moshi, kwa hiyo bia yake hupanda barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Lori likitoka Dar es Salaam na kuvuka Ruaha Mbuyuni, limeingia Kilolo kabla ya kufika Iringa mjini. Ilula na Mahenge ziko kando ya lami. Dabaga, Bomalang'ombe na vijiji vya milimani viko mbali nayo, na masika huko kreti hufika kwa shida, nyingine juu ya pikipiki.

Wateja wa pande hizi mbili nao hawafanani. Mkulima wa nyanya wa Ilula na wa vitunguu wa Mahenge na Ruaha Mbuyuni hushika fedha kila anapouza mavuno. Mkulima wa mahindi na viazi wa nyanda za juu husubiri msimu. Baa ya barabarani ina madereva na wasafiri mwaka mzima, ya mlimani ina majirani tu.

MPINZANI ASIYETAJWA

Katika hesabu za makampuni hayo mawili kuna mshindani wa tatu asiye na hisa sokoni, naye ni ulanzi. Masika chipukizi la mlanzi hukatwa ncha, hutegeshewa mbeta, na utomvu hudondoka humo. Mgema hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu uendelee. Ukinywewa mbichi ni mtogwa, mtamu na mpole. Ukilala huchachuka wenyewe bila hamira na kuwa mkangafu, ambao si wa mtu mwenye safari.

Ulanzi haulipi ushuru wa bidhaa unaotozwa bia kwa kila lita, wala hauna gharama ya chupa, tangazo au jokofu. Ndiyo maana hakuna bia ya kiwandani inayoweza kuufikia kwa bei. Udhaifu wake ni wa aina mbili. Haukai, kwa hiyo hauwezi kwenda mbali wala kuwekwa akiba hadi bei ipande. Pili, hutoka kwa wingi wakati mmoja, mvua zinaponyesha, na wagema wote wakishusha siku moja bei ya dumu huanguka kilabuni.

Hapo ndipo mwenye baa mwerevu anapoona kalenda yake. Miezi ya mvua ni miezi ya ulanzi, na pia ni miezi ambayo ghala la mkulima wa mahindi linakwisha na mfuko wake umepwaya. Bia hulegea. Mvua zikikatika, ulanzi hukauka na mavuno huingia, na wateja hurudi kwenye chupa. Komoni hujaza pengo kwa wasio na uwezo wa bia. Anayejaza stoo kreti za mkopo mwezi Februari huku milimani anafunga mtaji wake mwenyewe.

HESABU YA JOKOFU

Tuchukue mfano wa kukisia tu. Baa huuza kreti 20 kwa wiki, 12 za kampuni moja na 8 za nyingine, na kila kreti huacha faida ya Sh 5,000. Hiyo ni Sh 100,000 kwa wiki. Kampuni ya kwanza inaleta jokofu na rangi kwa sharti kwamba bia za mpinzani ziondoke.

Wanywaji wa bia iliyoondolewa watafanyaje? Tuseme nusu watakubali kubadili na nusu watahamia baa ya jirani. Zimepotea kreti nne, sawa na Sh 20,000 kwa wiki, au Sh 1,040,000 kwa mwaka. Mkataba ukiwa wa miaka mitatu, jokofu la bure limegharimu Sh 3,120,000, na likitolewa mkataba ukiisha halibaki hata lenyewe. Nyama na chipsi ambazo wateja hao wangekula hazimo katika hesabu hii.

Sharti kama hilo linaweza kuwa zuri pale tu wateja wa bia ya pili ni wachache, au pale ambapo bila jokofu baa isingefunguliwa kabisa. Kwa hiyo swali si kupokea au kukataa. Cha kwanza ni kuhesabu. Cha pili ni kutaka maandishi yanayoonyesha jokofu ni la nani, litatengenezwa na nani likiharibika, mkataba unaisha lini, na kama bia ya mpinzani inaruhusiwa nje ya jokofu hilo.

MWELEKEO WA SOKO

Historia ya tangu 1993 inaonyesha mwendo mmoja. Makampuni yakipigana, mwenye baa hupata mkopo, rangi na wakala anayekuja mwenyewe. Yakipatana, kama 2002, hupoteza vyote. Wala hakuna aliyemwuliza yanapopatana, wala atakayemwuliza safari nyingine. Kinga yake ni kuwa na mawakala wawili wakati ushindani upo, deni dogo kwa kila mmoja, na makreti matupu yaliyo mali yake mwenyewe.

Wenye baa wa Ilula wana faida ambayo wenzao wa Dabaga hawana: wako wengi mahali pamoja, kando ya lami. Wakinunua kwa pamoja lori likapakua mara moja, wanazungumza na wakala kama mnunuzi mkubwa. Wetherspoon iliweza kuisukuma Heineken kwa sababu ilikuwa na mamia ya kaunta. Mwenye kaunta moja hana sauti hiyo, ila kaunta 20 za Ilula zikiamua kununua kwa karatasi moja, sauti itasikika hadi Mbeya.