Mackinac: Mji wa Marekani ambako farasi ndio wanabeba takataka na mizigo tangu 1898

Jimbo la Michigan, kaskazini mwa Marekani, linajulikana duniani kwa mji wa Detroit, ambako Henry Ford alianzisha kampuni yake ya magari mwaka 1903. Lakini katika jimbo hilo hilo, ndani ya ziwa Huron, kuna mji mdogo uliokuwa umekwisha kupiga gari marufuku miaka mitano kabla: kisiwa cha Mackinac.

Wenye magari ya farasi ya kutembeza watalii ndio walioanza kulalamika, wakisema mitambo ile mipya inawashtua wanyama wao. Mwaka 1898 viongozi wa kijiji wakawasikiliza. Mwaka 1901 wasimamizi wa hifadhi, ambayo inachukua zaidi ya asilimia 80 ya kisiwa, wakafuata. Sheria hiyo bado inatumika.

Wakaaji wa kudumu hawafiki hata 600. Wakati wa joto, watalii wanapofika kwa maelfu, idadi ya farasi inakaribia ile ya wakaaji. Unga, vinywaji, vitanda vya hoteli, mbao za ujenzi, vifurushi vya posta: vyote vinashushwa bandarini na kupakiwa kwenye mikokoteni mirefu inayokokotwa na farasi wakubwa wa kazi, wengi wao wa asili ya Ufaransa na Ubelgiji.

Takataka nazo zinakusanywa kwa farasi. Mabaki ya chakula yanachanganywa na mavi ya farasi, yanaachwa yaoze, kisha yanakuwa mbolea ya bustani. Yale yasiyooza yanavushwa kwa meli hadi ng'ambo. Mavi yenyewe ni kazi ya kila siku: wapo vijana wanaolipwa kuzunguka barabarani na fagio na koleo, na anayesema kwamba farasi hachafui mji hajawahi kutembea hapo saa sita mchana.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo kisiwa hakikuthubutu kuyaachia farasi. Gari la wagonjwa, la zimamoto na la polisi yanaruhusiwa. Mtu aliyeshikwa na moyo hawezi kungoja farasi afungwe lijamu.

Historia inawapa haki. Mwaka 1872, homa ya farasi ilisambaa Amerika ya Kaskazini na kulaza wanyama wa miji mizima. Mwezi wa Novemba mwaka huo, moto mkubwa ukazuka Boston, na wazimamoto wakalazimika kuvuta mitambo yao kwa mikono. Majengo zaidi ya 700 yaliteketea.

Kwa msomaji wa Congo, swali linakuja lenyewe: mbona kwetu hapana? Sehemu kubwa ya nchi ina mbung'o, na ugonjwa anaoeneza unaua farasi. Ndiyo maana mizigo ilibebwa vichwani kwa karne nyingi, na Goma hadi leo inaitegemea tshukudu.

Huko Mackinac, ugomvi wa sasa ni juu ya baiskeli za umeme, ambazo zinaruhusiwa tu kwa watu wenye ulemavu wa kutembea, tena zile zisizokwenda bila kukanyagwa. Lakini hasira kubwa ilitokea Septemba 2019, pale Makamu wa Rais Mike Pence alipopita kisiwani na msafara wa magari manane. Walinzi wake walikuwa na sababu zao za usalama. Wengi walikumbusha kwamba mwaka 1975 Gerald Ford, akiwa Rais, alifika huko na kupanda gari la farasi kama wageni wengine.

Majira ya baridi yanapokaribia, farasi wengi wanapakiwa melini na kupelekwa kulishwa ng'ambo. Wanabaki wachache tu, wa kuzoa takataka na kubeba mizigo kwenye theluji, mpaka wenzao warudi.