Tononoka hadi Ziwa Turkana peke yako: gari la kulala linagharimu nini?

Kutoka Tononoka, Mombasa, hadi Kalokol, ukingoni mwa Ziwa Turkana, ni kama kilomita 1,225. Mombasa hadi Nairobi zimo 485, Nairobi hadi Kitale 380, Kitale hadi Lodwar 300, na 60 za mwisho mpaka ziwani. Kwenda na kurudi ni 2,450, na kwa kuwa hakuna anayefika huko asizunguke, tuweke 2,800. Anayepanga kuzimaliza peke yake, ndani ya gari aliloligeuza chumba, kwanza huuliza bei ya dizeli. Angeanza kuuliza bei ya gari.

Nyumba za magurudumu za Ulaya nyingi zina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la aina hiyo kwa mtu binafsi. Wala haipokei gari lililotumika lililopita miaka 8. Hata ukipata linalokubalika, bandari ya Kilindini inakungoja na hesabu yake. Chukua gari lenye thamani ya forodha ya Sh1,000,000, injini ya dizeli kati ya cc 1,500 na 2,500. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni Sh350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 haupigwi kwenye milioni moja bali kwenye 1,350,000, nao ni Sh337,500. VAT ya asilimia 16 inapanda juu ya vyote hivyo: Sh270,000. Ongeza ada ya uagizaji na tozo ya reli, Sh45,000. Jumla ni Sh1,002,500, yaani kodi imelizidi gari lenyewe, na bado hujanunua godoro.

Ndiyo maana gari la kulala la kwetu ni HiAce ya kazi. Viti vya nyuma vinang'olewa, ubao unalazwa, godoro la futi 3 kwa 6 linaingia, chini yake mitungi ya maji, na mlangoni meko ya kilo 6. Ukibadilisha muundo wa gari moja kwa moja, mamlaka ya usafiri, NTSA, lazima ihusishwe. Ukitoa viti kwa wiki mbili na kuvirudisha, ni kazi ya spana na jioni moja. Na mji huu si mgeni wa maisha hayo. Dereva wa treila anayepanda Makupa kuelekea Changamwe ana kitanda nyuma ya kiti chake, jiko, sufuria na galoni ya maji, na hajawahi kuiita hiyo likizo.

Barabara hiyo pia imekwishabeba mizigo mizito kuliko godoro. Kuanzia Juni 2018 malori yalishusha mafuta ghafi ya Turkana mpaka Changamwe, na Agosti 2019 shehena ya kwanza, kama mapipa 240,000, ikaondoka Mombasa kwa meli. Kwa makadirio ya mapipa 150 kwa lori, hizo ni safari 1,600.

Sasa dizeli. Tuseme gari linakwenda kilomita 9 kwa lita: ni lita 311. EPRA, mamlaka ya nishati, hubadilisha bei katikati ya kila mwezi, kwa hiyo tufanye kazi na Sh170, tupate Sh53,000 hivi. Kwa bei ya Oktoba 2023, dizeli ilipopita Sh205 Nairobi, safari hiyohiyo ingekuwa karibu Sh64,000. Katika kila lita unalipa Sh25 za matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, kwa hiyo utakuwa umechangia Sh7,775 kwa mashimo yatakayokuvunjia springi.

Lakini angalia mafuta yanaishia wapi. Tononoka hadi Kitale na kurudi ni kilomita 1,730 kati ya 2,800. Asilimia 62 ya dizeli yako inaungua Mariakani, Mtito Andei, Nakuru na Eldoret, nyuma ya malori, kwenye barabara uliyokwisha kuiona kwa basi. Jangwa ulilolifuata linakula asilimia 38 tu.

Ukubwa wake ndio unaopandisha gharama nyingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa, kwenye kilomita za mraba 220 hivi. Turkana ilikuwa na watu 926,976 kwenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000: Mombasa inaingia humo mara 300 na nafasi ikabaki. Kwetu gari likizima, fundi anatokea kabla hujafungua boneti. Huko unasubiri, na joto la Lodwar si la kusubiria. Kwa hiyo mitungi mitatu ya lita 20, ambayo ni kilo 60 za maji, stepni mbili badala ya moja, na Sh40,000 zisizoguswa za kuvutwa au kununua spea.

Usalama nao una bei. Kipande cha Kapenguria, Marich na Kainuk kina historia ya ujambazi, na Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi kusaidia polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo. Safari huwa ya mchana tu, baada ya kuulizia polisi na madereva waliotoka huko siku hiyo. Kila jua linapokukuta mjini, unalipa usiku mwingine.

Tukusanye, kwa siku 14. Dizeli Sh53,000, matairi na sevisi, kwa sehemu ya safari hii, Sh9,000, mahali pa kuegesha na mlinzi Sh9,000, chakula, maji na gesi Sh17,000. Ni Sh88,000, na akiba ikiingia, Sh128,000. Wakienda wanne, chakula kinakuwa Sh68,000 lakini mengine yanabaki Sh71,000: kila mmoja anatoa chini ya Sh35,000, kabla ya akiba. Upweke peke yake umekugharimu Sh53,000, sawasawa na dizeli yote.

Na gari lililonunuliwa Sh2,500,000 kwa ajili ya matembezi tu, likipoteza asilimia 10 kwa mwaka, linakula Sh250,000 likiwa limeegeshwa. Hiyo inakaribia kuwa mara tatu ya safari nzima. Kwa hiyo kama huna gari, usinunue kwa sababu hii. Tafuta wenzako watatu na ukodishe. Kama unalo tayari na linafanya kazi mwaka mzima, litoe viti, tenga Sh130,000, lala Kitale, jaza tangi hapo, na uanze kushuka Marich asubuhi kukiwa kweupe.