Nuru Isukumayo

Lipingo, katika mwambao wa Nyasa uliokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga kabla haijagawanywa, nuru ina kazi tangu zamani: usiku wavuvi huwasha taa juu ya maji ili usipa wakusanyike, na mchana samaki hao huanikwa juani hadi wakauke. Walakini nuru hiyo huita au hukausha tu. Haivuti wala haisukumi. Mpaka huo ndio wanaoujaribu wataalamu wa polima, nami naona ni haki yetu, tulioruzukiwa jua jingi, kuifuatilia habari yao kwa makini.

Asili ya mambo ni molekuli iitwayo azobenzini, ambayo umbo lake la pili lilibainishwa na Hartley wa Uingereza mwaka 1937. Ikipigwa na miale ya urujuanimno hujikunja, urefu wake ukapungua kutoka takriban nanomita 0.9 hadi 0.55; ikipata nuru ya kawaida, hujinyoosha tena. Yanlei Yu, Makoto Nakano na Tomiki Ikeda, walipozifunga molekuli hizo katika utando wa polima uliopangika kama fuwele, walionyesha huko Japani, mwaka 2003, kwamba utando mzima hupinda. Kwani urujuanimno humezwa na tabaka la juu peke yake, nalo likisinyaa ilhali la chini limebaki vile vile, utando hupindika mithili ya ubao mbichi uliokaushwa upande mmoja. Mwaka 2008 Ikeda na wenzake wakaunda ukanda wa plastiki uliozungusha magurudumu mawili kwa nuru tupu, pasipo waya wala betri.

Asihadaike mtu, hata hivyo, akadhani kwamba kesho utando huo utapandisha maji ya ziwa hadi bustanini. Paneli ya sola hugeuza yapata sehemu moja kwa tano ya nuru kuwa umeme, ilhali tando hizi aghlabu hazifikishi hata sehemu moja kwa mia kuwa kazi. Tena urujuanimno ni sehemu ndogo mno ya jua lenyewe. Matumaini yangu yako katika vitu vidogo: vali nyembamba, koleo la kushikia kisichoshikika kwa vidole, na hasa utando uliotengenezwa Eindhoven, Uholanzi, mwaka 2017, ambao chini ya taa moja isiyozimwa huenda mawimbi mfululizo na kusukuma mchanga ukauondoa juu yake. Vumbi juu ya paneli hupunguza umeme, na paneli zimekwisha kuenea mwambaoni. Hapo ndipo ningependa maarifa haya yajaribiwe kwanza.