Habari ya Shamba Jipya na Vyombo Vyake

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili lilikuwa la kumwonya mvivu, apotezaye asubuhi akipima mipini hali wenzake wamekwisha kulima. Lakini siku hizi twaona mashaka ya namna nyingine: mtu amenunua shamba juzi, hajalijua, naye amekwisha kununua mashine. Fedha hizo mara nyingi ni mafao ya miaka mingi ya kufundisha, au bei ya ng'ombe wa nyumbani, na zikipotea hakuna za kushika mahali pake. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu wanaokaribia kustaafu, mambo yafaayo kutangulia na mambo yafaayo kungoja.

Mfano mkubwa uko hapa kwetu Tanzania. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma wakaguzi, nao baada ya wiki tisa tu wakashauri karanga zilimwe kwa mashine katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kwa wingi, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mizizi ya vichaka ilivunja vyombo, mafundi na vipuri havikutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua ikakosekana. Mwaka 1951 shauri lile liliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Wagogo, wenyeji wa nchi ile, walijua tangu zamani tabia ya mvua yao. Serikali kubwa iliweza kustahimili hasara ile; nyumba yenye watoto shuleni haiwezi.

Basi tuyafuate mambo kwa utaratibu.

Kwanza, haki na mipaka. Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais. Mtu anunuapo shamba hupata haki ya kulitumia. Katika kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haitoshi kupatana na mwenye shamba peke yake. Yapasa halmashauri ya kijiji ikubali. Majirani wa pande zote nne na waje, mipaka ionekane kwa macho, ndipo fedha zitolewe. Tena shamba lipimwe. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani kama mraba wenye mita 64 kila upande. Wengi wamelipia ekari tano wakapata nne. Kama mto wapita hapo, mjue ya kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ekari zilizo katika ukingo huo zisihesabiwe kuwa za kulima.

Pili, kulijua shamba. Twashauri msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja vipite kabla ya kujenga au kununua chombo cha bei kubwa. Mvua inyeshapo, tembeeni shambani mwone maji yanapita wapi na yanatuama wapi. Twaeni udongo mbichi, mkausokote mkononi: ukikubali kuwa kamba na kupindwa kama pete, una mfinyanzi mwingi; ukimeguka mara moja, una mchanga mwingi. Waulizeni wazee wa mahali wakumbuke miaka ya njaa, na mwezi ambao kisima hukauka. Wakati huo limeni kipande kidogo tu, kama nusu ekari, kwa mbegu zilizozoewa na majirani.

Tatu, maji. Kazi hii yazitangulia zote, kwa kuwa nyumba, kuku, ng'ombe na bustani zote zaitegemea. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi bati la nyumba yenye mita 10 kwa 6, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, hupokea lita 48,000. Tukiondoa sehemu moja katika tano kwa maji yanayomwagika, zabaki 38,400, yaani ndoo 1,920 za lita 20. Mfereji wa bati na tenki huenda vikafaa kuliko kisima kirefu, na bei yake yaweza kujulikana mapema. Lakini msisahau ya kuwa lita moja ni kilo moja: tenki la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, nalo lataka msingi wa mawe, si matofali mabichi.

Nne, udongo na miti. Mahali penye mteremko matuta yachimbwe kabla ya kulima. Fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, uzi, na jiwe la kuning'inia vyatosha kuonyesha mstari ulio sawasawa. Huko Machakos, Kenya, ambako katika miaka ya 1930 maji yalichukua udongo mwingi, watu waliyaponya mashamba yao kwa matuta yaitwayo fanya juu, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mfereji. Miti nayo ipandwe mwaka wa kwanza, maana miaka haikopeshwi. Mwembe uliopandikizwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na ule wa kokwa huchelewa zaidi.

Tano, vyombo. Kwa mwaka wa kwanza yatosha majembe, panga, shoka, sururu, beleshi, toroli, futi kamba na tupa ya kunolea. Mnunue vichache vilivyo imara. Gongeni jembe kwa chuma: likilia kwa sauti safi ni zima, likitoa sauti ya kukwaruza huenda lina ufa. Tazameni kama mpini wafuata uzi wa mti, na kama tundu lashika vizuri.

Mashine kubwa ipimwe kwa siku za kazi yake. Tuseme trekta dogo la kusukumwa kwa mkono ni shilingi milioni 6, nalo latumika siku 6 kwa mwaka katika miaka 10. Siku moja yake ni shilingi 100,000, kabla ya mafuta, vipuri na fundi. Kama jirani akodisha kwa bei iliyo chini ya hiyo, kodini. Kama majirani watano wanalihitaji, mfanye shirika, lakini muandike kwanza nani alitunza na nani atalitengeneza likiharibika. Chombo kisicho na fundi wala vipuri katika mji wa karibu kisinunuliwe, hata kikiwa cha bei rahisi.

Mwisho, shauri la nyumbani. Mume na mke wakae pamoja na daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kazi za mwaka huu, za mwaka ujao, na za baadaye. Kando ya kila kazi andikeni gharama yake na mahali fedha zitakapotoka. Ada za watoto na akiba ya ugonjwa zitengwe kwanza, wala zisiguswe kwa ajili ya shamba. Kila mwaka chagueni kazi moja kubwa tu, nayo ikiisha ndipo ianzwe nyingine. Wanawake, ambao mara nyingi ndio wachotao maji na kupalilia, wasikilizwe mapema: wao wajua ni kazi gani inayowachosha, na chombo gani kitawapunguzia mzigo.